Jani Jeusi Katika Ukili

Juzi alinijia mwanamke kutoka Kizingitini amemshika mjukuu wake mkono, na mkono wa pili wa yule mjukuu umefungwa kwa leso mpaka vidole vimevimba. Watu walimwambia kwamba mimi nililea mtoto aliyekuwa akijipiga. Nikamweleza haya na yale, nikampa kahawa, nikamweleza mengine, mashua yao ikawa yawangoja, akaenda zake. Alipokwisha kuondoka ndipo nilipokumbuka kuwa lile kubwa sikumwambia. Nilimwambia habari za dawa. Sikumwambia kwamba mimi nilikuwa mwongo.

Basi nayaandika. Kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la ngumbaru, na kabla ya hapo nilikuwa na kisomo cha chuoni tu, yaani cha Kurani, kwa hiyo ukiona neno limekaa vibaya lisogeze mwenyewe uendelee.

Ilikuwa miaka ya uhuru, yaani uhuru umeshakuja na watu bado hawajaacha kuuzungumza. Mimi niliolewa Matondoni na Athmani. Athmani alikuwa kalafati, kazi yake kuziba nyufa za majahazi kwa pamba na mafuta, na alinukia mafuta hayo hata siku ya Idi. Mkewe wa kwanza alikufa kwa uzazi akamwachia binti, Zaituni. Nilipoingia nyumba ile Zaituni alikuwa na miaka sita. Hasemi. Hakutazami usoni. Hupenda kupitisha kiganja ukutani, huku na huku, mpaka chokaa imtoke vidoleni. Niliambiwa, "Huyu ni mtoto wa Mungu, hana shida." Na kweli hakuwa na shida. Nilimpenda upesi kuliko nilivyompenda babake, na Athmani alijua, tulikuwa tukilifanyia mzaha.

Shida ilikuja alipokuwa mwanamwali. Mwaka ule kusi ilivuma sana, hata sokoni samaki hakuna. Asubuhi moja nampa uji, akakunja ngumi akajipiga hapa, juu ya jicho la kulia. Nikacheka kidogo, nikidhani mchezo. Akajipiga tena. Halafu tena, na sauti ya ngumi ilikuwa kama ya mtu anayevunja nazi. Mpaka leo nikisikia nazi inavunjwa nyumba ya pili nainuka nilipokaa.

Tangu siku ile moyo wangu haukukaa. Nikiketi nainuka, nikiinuka nasahau nilichoinukia. Nilipungua mpaka bangili zikawa zinanitoka. Mikono yangu ilikuwa na alama za meno yake, maana nikimzuia aliniuma, na mgongo ulikufa ganzi kwa kumshika. Yeye nyusi zilipasuka zikavimba, zikapasuka tena juu ya kovu. Jicho la kulia likaanza kuingia ukungu.

Na watu je? Watu waliona alama wakaona na mama wa kambo, wakajumlisha. Sikuwalaumu sana, hata mimi ningejumlisha. Lakini nilifanya nini? Nilimficha. Nje nilimfunika uso mpaka puani. Ndani nilimweka chumba cha nyuma. Athmani naye akawa anakawia kazini. Siku moja aliniambia, "Nilioa nipate msaidizi, nimepata kesi." Akajuta papo hapo, nikamwona, lakini neno lilikwisha kutoka.

Sasa sikiliza nilivyotafuta dawa, maana hapa ndipo palipo na uovu wangu.

Nilikwenda hospitali ya Lamu. Kutoka Matondoni ni mwendo wa punda na mchanga wa moto. Kule palikuwa na dresa, mfunga vidonda, Bwana Mutiso, Mkamba, mrefu, mpole. Alisafisha kidonda, akafunga bendeji, akanipa dawa ya maji ya kumtuliza. "Mama, hii bendeji isiguswe na maji. Hata kidogo. Siku tatu, halafu unarudi."

Nikaenda kwa Mwalimu Shee, aliyekuwa akifundisha watoto chuo pale kijijini. Aliniandikia kombe, yaani aya za Mungu kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa kwa marashi. "Nusu anywe, nusu umwoshee uso kila asubuhi."

Nikaenda na kwa Bi Rukia, mkunga na mkandaji, mikono yake imepokea nusu ya Matondoni. Yeye alikuja mwenyewe na mafuta ya ufuta ya moto, akamkanda kichwa na shingo.

Umeona? Mmoja ataka kikavu, mmoja ataka maji, mmoja ataka mafuta. Na kila mmoja aliniuliza, "Kuna dawa nyingine unayotumia?" Na kila mmoja nilimjibu, "Hapana, ni yako tu." Kwetu ni aibu kumwonyesha mwalimu kwamba hukutosheka na Kitabu, na ni utovu wa adabu kumwambia mtu mzima kama Bi Rukia kwamba mikono yake haikutosha. Na yule dresa Mkristo, mtu wa bara, nikaona nikimtajia kombe atanicheka. Kwa hiyo asubuhi naifungua bendeji, naosha kwa kombe, mchana Bi Rukia anapaka mafuta, jioni naifunga bendeji ile ile, na siku ya tatu napanda punda.

Bwana Mutiso akifungua alikuwa ananusa. "Mama. Nani anafungua hii kitu?"

"Mtoto mwenyewe."

"Na anajipaka marashi mwenyewe?"

Nikajifanya namrekebisha Zaituni leso. Kidonda kilianza kutoa usaha.

Benchi la hospitali ile nalijua kuliko kitanda changu. Lilikuwa barazani, limelegea mguu mmoja, na mtu wa mwisho akiinuka ghafla nyote mnainama. Tulikuwa tukingoja tangu asubuhi mpaka kivuli kinaingia chini ya benchi. Nikikaa, wenzangu wanasogea. Siku moja mama mmoja wa mjini, amevaa dhahabu, akamwambia jirani yake kwa sauti ya kunisikilizisha, "Mkono wa mama wa kambo mzito, mwanangu, kama mchi wa kutwangia." Nikamwambia, "Sogea basi usije ukakupata." Akasogea kweli, benchi likainama, akateleza na dhahabu yake. Nilicheka, na Zaituni akaona nacheka akacheka. Siku ile nilirudi nyumbani nimeshiba.

Lakini siku hizo zilikuwa chache. Kaskazi ilipokuwa inaelekea kwisha alikuja daktari mkubwa, yule anayepita mara moja baada ya miezi kutazama hospitali za visiwani. Akammulika Zaituni macho kwa tochi. Akasema na Bwana Mutiso kizungu, kisha Bwana Mutiso akaniambia, naye hakunitazama.

"Mama, hili la kulia limekufa. Limekwisha. Na hili la kushoto sasa anaanza kulipiga. Daktari anasema atarudi masika ikipita. Akikuta bado iko hivi, ataandika karatasi, mtoto aende bara, hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko wanafunga mikono."

"Kwa muda gani?"

"Hakusema muda."

Nilimpandisha Zaituni juu ya punda, nikatembea mimi kwa miguu mpaka Matondoni, na sikumbuki ndia. Nimeandika ndia. Nyinyi mwasema njia. Iache.

Wiki mbili baadaye serikali ikatuma watu kuchanja ndui vijijini, na Matondoni akaja Bwana Mutiso. Sikuwa na habari. Mwalimu Shee, siku ile amechelewa, alikuwa ukumbini kwangu analeta kombe, Bi Rukia yuko ndani na kisahani cha mafuta, Zaituni kichwa wazi mapajani mwake, na bendeji imetundikwa kwenye kamba kama nguo. Nasikia, "Hodi! Mama Zaituni!" Naye ameshainama mlangoni.

Nilitamani ardhi ipasuke. Bwana Mutiso aliitazama bendeji. Akaitazama sahani ya zafarani. Akanusa ufuta.

"Aha," akasema. "Huyu ndiye mtoto anayejifungua mwenyewe."

Mwalimu Shee akanigeukia. "Uliniambia hospitali hukwenda."

Bi Rukia naye kutoka ndani, nyuma ya pazia, "Na mimi umenambia mwalimu humjui! Wacheni, wacheni! Yaani natia mafuta, huyu atia maji, huyu atia kitambaa. Mwanamke huyu apika pilau juu ya mtoto wa watu!"

Nikalia. Mwalimu Shee alikuwa mkali lakini hakuweza kuona mwanamke akilia, akawa anamtazama dresa badala yangu. Akamuuliza, "Wewe bwana, kombe langu limemdhuru?"

"Kombe silijui, mwalimu. Maji kwenye kidonda ndiyo nayajua."

"Basi anywe, asioshwe. Nimetoa ruhusa. Na wewe dawa yako ni nini, maana nilipokuja leo mtoto kalala kama gogo?"

"Ni ya kutuliza."

"Imemtuliza na tumbo," Bi Rukia akasema mule ndani. "Siku ya nne leo hajenda chooni. Tumbo gumu kama ubao. Na hapa chini ya sikio pamoto. Mwenyewe ukimgusa utaona, asaga meno."

Bwana Mutiso akakaa chini sakafuni. Hakuwa amejua habari ya tumbo wala ya sikio. Yeye aliletewa kidonda, akatazama kidonda. Bi Rukia alijua joto miezi, hakuwa na wa kumwambia. Mwalimu Shee alijua kwamba asubuhi akimsomea Zaituni hutulia mpaka mwisho wa sura, naye alidhani kila mtu ajua. Na mimi katikati nilikuwa nimewafungia kila mmoja chumba chake.

"Anajipiga saa ngapi?" akauliza Bwana Mutiso.

"Siku zote," nikasema.

"Siku zote siyo saa. Andika. Kila akijipiga, andika ni wakati gani."

"Sijui kuandika, bwana."

"Unafanya kazi gani?"

"Nasuka ukili."

Kwa asiyejua, ukili ni ule utepe mrefu wa majani ya mkoma, miyaa, tunaousuka kisha tukaushona ukawa mkeka. Mkono hausimami kutwa. Bi Rukia, naye msusi, akatoa mkono pazia likafunguka. "Basi asuke. Kila adhana atie jani jekundu. Mtoto akijipiga atie jeusi. Hilo ni daftari."

Bwana Mutiso akacheka, nadhani kwa mara ya kwanza kwangu. Akasema atarudi kuchanja waliokimbia, baada ya siku kumi, na wote tukutane.

Nilisuka. Zilikuwa siku za tabu, maana ukihesabu kitu kinakuwa kingi zaidi. Sina raha, nimekaa na majani meusi pajani kama mtu anayengoja msiba. Athmani aliona, akaanza kurudi mapema. Alichukua pamba yake ya kazi akaishona ndani ya kitambaa cha marekani, akatengeneza kitu kama kilemba cha kuzuia ngumi isifike mfupani. Zaituni alikitupa mara tatu, mara ya nne akakaa nacho. Athmani akatoka nje akajifanya anamtafuta punda.

Siku ya kumi wakaja. Nikautandaza ukili ukumbini, urefu wa pima tatu. Bwana Mutiso na Mwalimu Shee wakainama kama wanaonunua. Nikawasomea kwa kidole. Hapa Alfajiri, hakuna jeusi, wakati ule Mwalimu anasoma. Hapa kabla ya Adhuhuri, chakula, meusi, meusi, meusi. Kila siku chakula. Baada ya Alasiri, safi. Magharibi, chakula, meusi tena.

"Akitafuna," Bwana Mutiso akasema. "Ni jino."

Bi Rukia alikuwa ameuvuta ukili kwa chini ya pazia, anaupitisha vidoleni polepole bila kuutazama. Akafika mahali akarudi. Akapita mbele akafika mahali pengine akarudi.

"Bi Khadija," akaniita. "Njoo huku."

Nikaenda.

"Hapa baada ya Alasiri. Jeusi hakuna. Lakini tazama ulivyobana." Akanikandamiza kidole changu juu ya ukili. "Wewe mkono wako mlegevu, naujua, nimeshona mikeka yako. Hapa umebana hata jani limekatika. Hapa tena. Kila siku baada ya Alasiri umebana. Kulikuwa na nini?"

Mtu yeyote mwingine ningemdanganya. Lakini vidole vyake vilikuwa juu ya vidole vyangu.

Baada ya Alasiri ndipo wanawake wa mtaani wanapokuja kwangu kusuka pamoja. Hadithi, tambuu, vicheko. Na mimi kila siku, kabla hawajaingia, nilimtia Zaituni chumba cha nyuma, nikamfunga mikono kwa leso, nikateremsha pazia, nikatoka kuwapokea wageni na uso wa Idi. Nikamsikia akigonga. Mikono imefungwa, akigonga kitwa ukutani, du, du, du, na mimi nasuka na kuongea kwa sauti kubwa ili wenzangu wasisikie. Jeusi sikutia, kwa sababu wangeuliza la nini. Pahali palipokuwa safi kuliko pote ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote.

Nilimwambia Bi Rukia yote. Kisha akaniambia, "Sasa watokee useme mwenyewe. Mimi si mdomo wako."

Nikatoka, nikasema. Mwalimu Shee akasoma istighfari. Bwana Mutiso akauliza neno moja tu: "Ni kila siku?" Nikamwambia kila siku. Akasema, "Basi ni mambo mawili. Tuanze na jino."

Jino lilitolewa nyumbani kwangu juma lile lile. Bi Rukia alikishika kichwa, maana Zaituni hakukubali mikono mingine. Mwalimu Shee alikaa nje ya pazia akasoma, na aliambiwa asinyamaze hata kukiwa na kelele, naye hakunyamaza, alipanda sauti mpaka watoto wa chuo wakaja kutazama. Bwana Mutiso alitia sindano, akangoja, akavuta. Mimi nilishika miguu. Lilitoka limeoza mpaka mzizini, na usaha ulionuka hata tukageuza nyuso. Zaituni akatema, akajigusa shavu, akajigusa tena kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayegusa shavu la mwenzake.

Chakula kikawa chakula. Ile dawa ya kulala ikapunguzwa, tumbo likafunguka, na Bi Rukia alilitangaza jambo hilo kijijini kama harusi.

Likabaki la Alasiri. Hilo halikuwa na koleo. Siku ya kwanza niliyomleta Zaituni kukaa kati ya wanawake, uso wazi, jicho jeupe, miyaa ilinianguka mkononi. Mmoja akasema, "Ee, leo umemtoa mwali?" Mwingine akasogeza mwanawe. Zaituni akainua ngumi. Bi Rukia, bila kukatiza hadithi aliyokuwa akiisimulia, ya mume wa mtu aliyepanda punda wa jirani kwa makosa, akamtia miyaa mibichi katika mikono yote miwili, akamwonyesha kuichana. Chana, vuta. Chana, vuta. Ule mkono uliopenda kuta ukapenda jani. Alichana miyaa mpaka Magharibi. Alijipiga mara mbili, wote wakaona, hakuna aliyekufa.

Wanawake wawili hawakurudi tena kwangu. Waliobaki, mmoja wao, yule aliyesema la mwali, juma la tatu akaniambia, "Huyu achana sawasawa kuliko binti yangu mwenye mato mawili." Mato kwetu ni macho. Akaona alilosema, akaziba mdomo. Nikamwambia hakuna neno, nimelipokea.

Masika ikapita. Daktari mkubwa akaja. Tulikwenda sote, mimi na Zaituni, Athmani, Bi Rukia na Mwalimu Shee, punda wanne, na Bwana Mutiso alitupokea mlangoni amevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Ndani kila mmoja alianza kusema. Mwalimu asema usomaji, Bi Rukia asema joto la shingo, Bwana Mutiso afasiri na kuongeza lake. Daktari akainua mkono. Akamulika jicho la kushoto. Lilikuwa zima. Lina maji, lina mwanga, linafuata tochi.

Na pale pale, mbele yake, labda kwa ajili ya tochi, labda kwa wingi wa watu, Zaituni akakunja ngumi akajipiga. Moja. Mbili. Tatu.

Niliiona ile karatasi ya bara juu ya meza na kalamu pembeni yake. Athmani alifungua kinywa, nami nilijua atakalosema, atasema ni leo tu, hajawahi tangu masika. Mimi mwenyewe lilikuwa ulimini, tamu, tayari.

Daktari akauliza, na Bwana Mutiso akanifasiria: "Anauliza, bado anajipiga?"

"Ndiyo," nikasema. "Bado. Leo mara tatu umeziona, na asubuhi mara moja punda alipojikwaa. Jana mara tano. Juzi mara mbili. Kabla ya masika sikuweza kuzihesabu. Akiwa peke yake huzidi, akiwa na kazi mikononi hupungua. Akifungwa hugonga kitwa. Kesho atajipiga tena, sijui mara ngapi, lakini nitajua."

Bwana Mutiso alifasiri pole pole, neno kwa neno, na hakuruka kitu. Daktari alinitazama mimi, si Zaituni. Aliuliza kitu kifupi.

"Anauliza, utamleta kila mwezi, na utamwambia hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Akaisukuma ile karatasi ukingoni mwa meza, haijaandikwa neno, akachukua tochi yake akaitia mfukoni, akaita mgonjwa mwingine.